Sura ya Sita: Gari Kubwa Likifika Kwenye Kona

Mwaka 1977 General Motors iliyapunguza magari yake makubwa. Chevrolet Caprice na Impala za mwaka huo zilitoka kiwandani zikiwa fupi na nyepesi kuliko zile za 1976: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulishuka kutoka milimita 3,086 hadi 2,946, na uzito ukapungua kwa karibu kilo 300. Hata baada ya kupunguzwa lilikuwa gari kubwa. Urefu wake ulizidi mita 5.3, bodi ilikaa juu ya chasi inayojitegemea, injini ya V8 ilipatikana kwa aliyekuwa tayari kuilipia, na nyuma kulikuwa na ekseli moja ngumu yenye difu katikati. Chasi hiyo iliendelea kuundwa, kwa marekebisho ya hapa na pale, hadi mwishoni mwa 1996. Ilibeba teksi, magari ya familia na magari ya doria ya polisi katika miji mingi ya Marekani.

Nimelichagua gari hili kwa sababu kiwanda chenyewe kilifanya kazi ambayo sura hii inaieleza. Aliyenunua Caprice ya kawaida alipata springi laini, shokapu laini, stabilaiza nyembamba mbele na hakuna stabilaiza nyuma. Aliyeongeza kwenye oda yake kifurushi cha F41 alipata springi ngumu zaidi, stabilaiza nene mbele na nyingine nyuma. Polisi walikuwa na toleo lao, 9C1, lenye springi, shokapu na breki za kazi nzito na matairi ya 225/70R15. Kisha mwaka 1994 ikaja Impala SS, iliyojengwa juu ya vifaa vya polisi: ilishushwa kidogo, ikapewa shokapu za gesi za De Carbon, breki za diski magurudumu yote manne, na rimu za inchi 17 zenye matairi mapana ya 255/50. Hakuna aliyeibuni chasi upya. Mikono ya mbele ilikaa palepale, ekseli ya nyuma ilishikwa kwa mikono minne ileile. Lakini anayeendesha Caprice laini ya 1980 halafu akahamia kwenye Impala SS hudhani amebadilishiwa gari la kampuni nyingine.

Hapo ndipo msingi wa sura nzima ulipo. Watu hulaumu ukubwa. Husema gari refu hivi, zito hivi, lazima lilale kwenye kona na kubembea likipita bonde. Uzito una gharama yake, sikatai. Gari la kilo 1,800 haliwezi kugeuka kama la kilo 900. Ila sehemu kubwa ya kuyumba kule ni uamuzi wa wahandisi, uliofanywa kwa makusudi kwa ajili ya wateja waliotaka kusafiri siku nzima kwenye barabara zilizonyooka bila kuchoka. Uamuzi huo umo ndani ya mpira, mafuta na chuma kilichopindwa, na vitu hivyo vinafunguka kwa spana.

Inafaa kujua ulaini huo ulitoka wapi kabla ya kuuondoa. Maurice Olley, mhandisi mzaliwa wa Wales, alifanya kazi katika kiwanda cha Rolls-Royce huko Springfield, Massachusetts, kisha akajiunga na Cadillac mwaka 1930. Miaka michache baadaye yeye na wenzake walikuwa wanaendesha gari la majaribio lililobebeshwa vyuma vizito vinavyosogezwa mbele na nyuma, ili kujifunza kwa nini magari ya wakati ule yaliwarusha abiria, hasa wa kiti cha nyuma. Jibu walilolipata lilikwenda kinyume na mazoea: springi za mbele ziwe laini kuliko za nyuma. Gurudumu la mbele ndilo linalolipanda tuta kwanza, la nyuma linafuata. Kwa Caprice inayokwenda kilomita 80 kwa saa, kuchelewa huko ni sekunde 0.13 tu. Nyuma ikiwa na mdundo wa haraka kidogo kuliko mbele, inaufikia mdundo wa mbele, na bodi nzima hupanda na kushuka kwa pamoja badala ya kupishana kichwa na mkia.

Shida ni kwamba ekseli ngumu ya mbele haikuweza kuvumilia springi laini kiasi hicho bila magurudumu kutetemeka na usukani kucheza mikononi. Kwa hiyo mwaka 1934 Cadillac, Buick na Oldsmobile zilipata magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja likishikwa na mikono miwili: wa juu mfupi, wa chini mrefu. Mpangilio huo ndio uliopo chini ya Caprice ya mwisho ya 1996. Aliyeketi ndani yake anaketi juu ya miaka 60 ya kazi ya watu walioujali mgongo wa abiria. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona magari mazuri yakikazwa mpaka yakageuka mkokoteni, na mwenyewe akijivunia kwamba sasa halilali. Halilali, ni kweli, lakini kwenye lami mbovu gurudumu linaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki barabara.

Sasa tuingie kwenye kona yenyewe. Gari likikata kona ya kulia, uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Kiasi kinachohama huamuliwa na uzito wa gari, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, na ukali wa kona. Springi ngumu hazimo kwenye orodha hiyo. Unaweza kufunga springi za lori, na bado karibu kiasi kilekile cha uzito kitahama. Kinachobadilika ni jinsi bodi inavyolala, kasi ya kulala huko, na namna mzigo uliohama unavyogawanywa kati ya tairi la mbele na la nyuma.

Mgawanyo huo ndio siri ya kazi nzima. Tairi likiongezewa mzigo hushika zaidi, ila si kwa uwiano uleule; likibebeshwa mara mbili, halishiki mara mbili. Ekseli inayopokea sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama ndiyo inayopoteza zaidi mshiko. Caprice ya kawaida, yenye stabilaiza mbele na isiyo na kitu nyuma, inaitwisha ekseli ya mbele kazi karibu yote. Matokeo yake dereva anazungusha usukani, matairi ya mbele yanalia, na pua inaendelea kwenda nje ya kona. Kiwanda kilipenda hivyo kwa sababu dereva wa kawaida akishtuka huachia mafuta, na gari linalokwenda pua mbele hujirudi lenyewe. Anayetaka gari ligeuke vizuri zaidi anatakiwa kuupunguza mzigo huo wa mbele kidogo kidogo, bila kuuhamishia wote nyuma, maana gari refu likitoa mkia kwenye mvua ni vigumu sana kulirudisha.

Kazi inaanza chini ya gari, na inaanza kwa kutafuta kilichochakaa. Gari la miaka 30 au 40 linaloyumba mara nyingi halihitaji kuboreshwa kwanza. Linahitaji kurudishwa lilivyokuwa. Springi ya mbele ya Caprice inakaa juu ya mkono wa chini, kwa hiyo boljointi ya chini ndiyo inayobeba uzito. Ukiinua gari kwa kushika chasi, springi inaendelea kuisukuma boljointi hiyo na uchakavu wake unajificha. Jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, ndipo utaona kama inacheza. Upande wa abiria kuna mkono mdogo uliofungwa kwenye chasi, unaoshikilia fito ya kati ya usukani. Huo huchakaa mapema kuliko vyote, na ukichakaa hakuna alaimenti itakayodumu. Kagua tairodi, kagua kiungo laini kinachounganisha fimbo ya usukani na boksi la stelingi, kagua vipande vya mpira vilivyo kati ya bodi na chasi, ambavyo watu huvisahau kabisa. Vikishapondeka, bodi husogea juu ya chasi na dereva husikia ulegevu asioujua chanzo chake.

Hapa asili ya gari ina maana. Wasomaji wenye ndugu Muscat, Dubai au Kuwait wanaifahamu Caprice, maana katika Ghuba ilikuwa gari la heshima miaka ya 1980 na 1990, na jina hilo lilipendwa kiasi kwamba baadaye General Motors iliendelea kulitumia huko kwenye magari yaliyoundwa na Holden ya Australia. Caprice iliyokaa maisha yake yote kwenye jua la jangwani mara nyingi ina chuma kisafi, bolti zinazofunguka bila vita, na mpira uliokauka na kupasuka kila mahali. Iliyotoka Michigan au Ohio, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, inaweza kuwa na bushi zinazopita na chasi iliyoliwa na kutu nyuma karibu na ekseli. Gari la namna ya pili lisiguswe kwa ajili ya kona mpaka mchomeleaji mzuri aipitie chasi yote kwa nyundo.

Bushi za mpira zina sharti moja ambalo likivunjwa kazi yote huharibika. Bushi hizi hazizunguki kama beringi. Mpira umeshikamana na bomba la nje na bomba la ndani, na mkono unapopanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojisokota na kujisokotoa. Fundi akiikaza nati gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yakiwa yamening'inia, anaufunga mpira katika hali hiyo. Gari likishushwa chini, mpira tayari umejisokota kabla safari haijaanza. Unaongeza ugumu usiotakiwa, kisha unachanika baada ya miezi michache, na bushi mpya inalaumiwa kuwa feki. Nati hizo zizungushwe kidogo tu kwanza. Gari lishuke, likae juu ya magurudumu yake, lisukumwe mbele na nyuma, ndipo zikazwe kwa spana ya kipimo.

Baada ya uchakavu, matairi. Hakuna kifaa kinacholibadilisha gari zaidi ya tairi, na hakuna kinachopuuzwa zaidi na wenye magari ya zamani, kwa kuwa gari halitembei sana na kashata za tairi zinaonekana mpya. Angalia tarakimu nne pembeni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililozeeka huwa gumu, na tairi gumu halishiki. Kwa Caprice ya rimu za inchi 15, tairi zuri la 225/70 au 235/70 linatosha kuleta tofauti kubwa, na ubavu wake mrefu unaulinda ule upole wa safari. Anayetaka kufuata Impala SS ahamie 255/50R17. Kipenyo chake kinatofautiana na 225/70R15 kwa chini ya sentimita moja, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana. Ninachokipinga ni rimu za inchi 20 na kuendelea. Uzito wake unaongezwa mahali pabaya kuliko pote, chini ya springi, na tairi linabaki na ubavu mwembamba usioweza kumeza hata shimo dogo.

Kisha shokapu. Springi hubeba gari. Shokapu huamua springi itapiga midundo mingapi kabla ya kutulia. Caprice laini ikipita bonde kwa mwendo wa kasi, pua inashuka, inapanda kupita usawa wake, inashuka tena, na dereva analisubiri gari limalize kuwaza kabla ya kulipa amri nyingine. Mwanamke anayetembea na ndoo ya maji kichwani hakazi magoti ili maji yasimwagike. Magoti yake ni laini, na anachokizuia ni mwendo wa ghafla. Shokapu nzuri inafanya hivyo. Inaiachia springi laini ilainike, ila haiiachii irudi kwa fujo. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyeleta aina ya bomba moja, ambamo gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa hukaa nyuma ya pistoni inayoelea, ikizuia mafuta yasitoe povu yanapochemka kwa kazi. Povu likiingia, shokapu huwa haina kazi hata kama ni mpya. Jina lake lilirudi kwenye Impala SS, na Bilstein ya Ujerumani nayo imejulikana kwa aina hiyohiyo. Kama mtu ana fedha za kununua kitu kimoja tu baada ya matairi, ushauri wangu ni shokapu nne za bomba moja zilizopimwa kwa ajili ya gari la polisi. Sijaona jambo jingine linalorudisha heshima ya gari kubwa kwa kazi ya nusu siku.

Tukifika kwenye stabilaiza tunarudi kwenye mgawanyo wa mzigo. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayojisokota pale gurudumu moja linapopanda na la pili kubaki chini. Gari likienda moja kwa moja na magurudumu yote mawili yakapanda tuta pamoja, haifanyi kitu, na ndiyo maana inaweza kupunguza kulala bila kuharibu sana safari. Ugumu wake hukua kwa kasi kubwa kadiri unene unavyoongezeka: milimita 25 zikiwa 32, fimbo inakuwa ngumu karibu mara 2.7. Kwa hiyo tofauti ndogo inayoonekana kwenye katalogi si ndogo barabarani. Aliye na Caprice ya kawaida na afunge stabilaiza ya F41 mbele pamoja na ile ya nyuma, zote mbili kwa wakati mmoja. Akinenepesha ya mbele peke yake, bodi italala kidogo lakini pua itazidi kwenda nje. Akifunga nyuma fimbo nene ya mashindano huku mbele ikibaki nyembamba, atapata gari linaloonekana jepesi kugeuka mpaka siku atakapoachia mafuta katikati ya kona yenye unyevu.

Kuhusu nyuma nina mengi zaidi, kwa kuwa hapo ndipo makosa makubwa hufanyika. Ekseli ya nyuma inashikwa na mikono minne. Miwili ya chini inaelekea mbele karibu sambamba na gari. Miwili ya juu imekaa mshazari: inaanzia karibu na difu, inatanuka kuelekea kwenye chasi. Hakuna fito nyingine inayoizuia ekseli isiende kushoto au kulia. Kazi hiyo ni ya mikono ya juu na bushi zake. Bodi inapolala, kila mkono unataka kuipeleka ekseli kwenye njia yake, na njia hizo nne hazikubaliani. Kinachofanya mambo yaende ni mpira. Bushi zinapondeka kidogo, zinajipinda kidogo, na ekseli inapita.

Sasa anakuja mwenye gari amesikia kwamba bushi za poliyurethani ni ngumu, hivyo ni bora, anafunga nane kwa mpigo. Kwenye kona ya taratibu gari linapendeza. Kwenye kona kali bodi inafika mahali mikono haiwezi tena kujipinda, nyuma inakazana ghafla, tairi la nje linapokea mzigo wote, na mkia unatoka bila taarifa. Mwenye gari hulaumu tairi, au barabara. Kumbe ekseli imekwama kwenye jiometri yake. Kwa gari la barabarani bushi za mikono ya juu zibaki za mpira, mpya na za ubora wa kiwanda. Kama ni lazima kuondoa mpira, basi viwekwe viungo vya duara vinavyozunguka kila upande, na mwenyewe akubali kelele zitakazokuja.

Mikono ya chini ni habari tofauti. Ya kiwandani imepondwa kutoka bati nene na iko wazi upande mmoja, kwa hiyo inajisokota kwa urahisi. Stabilaiza ya nyuma ya magari haya haishiki chasi. Imefungwa kwa bolti kwenye mikono hiyo miwili. Mkono ukijisokota, nguvu ya stabilaiza inapotelea humo. Mafundi wa Marekani kwa muda mrefu wamekuwa wakichomelea bati kuuziba upande ulio wazi, na ni kazi nzuri ikifanywa kwa utulivu: bushi zitolewe kwanza, mkono ubanwe usipinde, na moto uende vipande vifupi vifupi, upande huu kisha ule. Ipo pia mikono ya bomba ya kununua. Njia yoyote kati ya hizo itafanya kazi ya kuifunga ekseli vizuri zaidi ya bushi ngumu kwenye mkono laini.

Springi nimeziacha nyuma makusudi. Watu wengi huanza nazo kwa sababu gari lililoshuka linapendeza machoni. Lakini gari lenye matairi mazuri, shokapu nzuri na stabilaiza mbili mara nyingi halina tena haja ya springi ngumu sana. Seti ya polisi au ya Impala SS inatosha, na inaudumisha ule uwiano wa Olley kati ya mbele na nyuma, jambo ambalo seti za kubahatisha hazizingatii. Kushusha gari milimita 25 kunasaidia kweli, kwa sababu kitovu cha uzito ni kimojawapo cha vitu vinavyoamua kiasi cha uzito unaohama. Kushusha zaidi kunaleta adui mwingine: vipande vya mpira vinavyouzuia mkono usigonge chasi. Bodi ikilala mpaka ikavifikia, springi laini inageuka kuwa ukuta kwa mara moja, na gurudumu linaachia barabara. Anayepasha springi moto kwa gesi ili zikae chini anaua chuma chake. Zitaendelea kushuka, na moja itashuka kuliko nyingine.

Na kuhusu kuzitoa springi za mbele, niseme bila kuzunguka: zinaua. Springi iliyobanwa ndani ya mkono wa Caprice ina nguvu ya kuvunja mfupa na kupenya bati. Itumike klempu ya springi ya ndani iliyo nzima, mnyororo uzungushwe kwenye koili na chasi, jeki yenye magurudumu ibaki chini ya mkono wa chini muda wote, na nati ya boljointi iachwe ikining'inia kwenye uzi wake wakati kiungo kinapogongwa kiachie. Asiye na klempu na apeleke kwa mwenye nayo.

Mwisho wa kazi ya spana ni mwanzo wa alaimenti, na hapa mtu wa mashine anahitaji kuambiwa anachotakiwa kufanya. Vipimo vya kitabu vililenga matairi ya wakati ule na dereva wa wakati ule. Katika magari ya miaka ya 1960, yaliyotoka na matairi ya nyuzi za mshazari, mhimili wa kugeuzia gurudumu uliachwa karibu wima ili usukani uwe mwepesi. Matairi ya radiali yanapenda mhimili huo uegemee nyuma zaidi, kipimo ambacho mafundi wa alaimenti hukiita kasta. Kwa gari kubwa lenye pawa stelingi, kasta ya digrii 3 hadi 5 inalifanya lishike njia kwenye barabara ndefu na inasaidia gurudumu la nje kulala upande unaotakiwa wakati wa kona. Kemba, yaani mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje ukilitazama gari kwa mbele, iwe hasi kidogo, kama nusu digrii, na ncha za mbele za matairi ziingie ndani milimita moja na nusu hivi. Kwenye Caprice kasta na kemba hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza vipande vyembamba vya bati kati ya mhimili wa mkono wa juu na chasi. Wapo wafanyakazi wa mashine ambao hawajawahi kuvigusa, kwa kuwa magari mengi ya leo hayana. Mwenye gari aulize kabla hajaliingiza ndani.

Springi na bushi mpya huchukua muda kukaa sawa. Baada ya kilomita 500 hivi gari liinuliwe tena, bolti za mikono na za stabilaiza zipimwe moja moja kwa spana ya kipimo, urefu wa kila pembe ya gari kutoka ardhini uandikwe, na tofauti ya kushoto na kulia ikizidi sentimita moja itafutwe chanzo chake. Kisha lirudishwe kwenye alaimenti mara ya pili, dereva akiwa ameketi kitini na tangi likiwa nusu.